Kabla ya Kuchimba Karo: Jinsi Michoro ya Maji na Majitaka Inavyopitishwa na Idara ya Afya

Kila masika yanapokaribia, malalamiko yanayofika mezani kwetu, idara ya afya, huwa ya aina moja. Mmoja anaandika kwamba karo la jirani, yaani tangi la chini ya ardhi linalopokea majitaka ya choo, limefurika na maji meusi yanapita uchochoroni mbele ya mlango wake. Mwingine anasema kisima alichokitegemea kwa miaka kimeanza kunuka. Wa tatu anaeleza kwa uchungu kwamba mwenye nyumba wa pili husubiri mvua kubwa ya usiku ili atapishe choo chake kwenye mtaro wa barabara. Tukifuatilia, mara nyingi tunakuta kwamba kosa halikuanza siku karo lilipofurika. Lilianza miaka kadhaa nyuma, pale fundi alipochimba kabla mchoro haujaletwa kwetu, au mchoro ulipoletwa ukiwa umenakiliwa kutoka jengo la mtu mwingine. Makala haya yanawalenga wananchi wanaojenga Dar es Salaam na miji inayoizunguka, hasa wale wanaoendeleza maeneo makubwa: nyumba za kupangisha za ghorofa, mabweni, nyumba za wageni na miradi ya viwanja vya kuuza.

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, lakini maombi hayafiki kwenye kikao cha kamati kabla ya kupita mikononi mwa wataalamu kadhaa, na mmoja wao ni afisa afya mazingira, ambaye wazee wetu bado wanamwita bwana afya. Anapoufungua mchoro, anatafuta mambo matatu: maji ya kutumia yatatoka wapi, majitaka yataishia wapi, na kama njia hizo mbili zitakutana chini ya ardhi. Mwenye kiwanja kinachopitiwa na bomba la majitaka la mamlaka ya maji ana kazi nyepesi, kwa kuwa anaambatisha barua ya mamlaka inayokubali kumpokea na kuonyesha kwenye mchoro mahali atakapounganisha. Kujiunganishia kimyakimya ni kosa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, na hilo halina mjadala. Hata hivyo, sehemu kubwa ya jiji haijafikiwa na mtandao huo, kwa hiyo michoro mingi tunayoipokea ni ya makaro na mashimo ya kufyonzea, ambamo maji yanayotoka kwenye karo hunywewa na ardhi, na huko ndiko matatizo yalikojaa.

Tatizo la kwanza ni karo la kunakili. Nimewahi kuletewa mchoro wa jengo la kupangisha ambao kwenye kona ya chini, mahali pa namba ya kiwanja, bado palikuwa na namba ya kiwanja cha mteja mwingine katika kata nyingine kabisa. Karo lililochorwa lilikuwa na urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 1.5, yaani mita za ujazo 3. Kwa familia moja, karo hilo linatosha. Jengo lililoombewa kibali, hata hivyo, lilikuwa na nyumba 8, na tukikadiria watu 5 kwa kila nyumba tunapata watu 40. Tukichukua lita 100 za majitaka kwa kila mtu kwa siku, jengo litatoa lita 4,000, ambazo ni mita za ujazo 4. Maana yake ni kwamba majitaka yanayoingia asubuhi yatakuwa yamesukumwa nje kabla ya alfajiri ya pili, ilhali yanahitaji kutulia ndani angalau saa 24 ili tope lizame na mafuta yaelee, tena hapo bado hatujaacha nafasi ya tope lenyewe. Kinachotoka kwenye karo la namna hiyo ni kinyesi kibichi, na shimo la kufyonzea litaziba mapema sana. Mchoraji anayefanya hesabu hii hahitaji zaidi ya dakika tano. Tunaomba ifanywe, na iandikwe pembeni mwa mchoro ili nasi tuione.

Tatizo la pili ni imani kwamba ardhi ya Dar es Salaam ni mchanga, na kwamba mchanga hunywa kila kitu. Upo mchanga, na upo pia mfinyanzi, na yapo mabonde na maeneo ya karibu na bahari ambako maji ya ardhini yako juu sana wakati wa mvua. Ndiyo maana tunadai jaribio la ufyonzaji. Shimo dogo huchimbwa mahali hasa panapokusudiwa, hujazwa maji siku moja kabla ili udongo ushibe, kisha kesho yake hujazwa tena na kupimwa kwa rula kila baada ya nusu saa. Mwezi wa tatu mmoja tulikwenda kwenye kiwanja kilichopakana na bonde, ambacho mchoro wake ulionyesha shimo la kufyonzea lenye kina cha mita 3. Fundi alipofika mita 1.2, kabla hatujamimina hata ndoo moja, maji yalianza kupanda kutoka chini hadi yakafunika vifundo vya miguu yake. Mwenye kiwanja alisimama akaangalia, na kwa heshima yake nasema kwamba hakubisha. Kitako cha shimo la kufyonzea kinapaswa kuwa angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na pale haikuwezekana. Tulikubaliana achore upya kwa karo lililozibwa kabisa pamoja na kitanda cha kufyonzea kilichoinuliwa juu ya ardhi kwa mchanga na kokoto. Gharama iliongezeka, lakini iliongezeka kwenye karatasi, wakati bado inawezekana kupanga.

Hapa sina budi kusema wazi kuhusu makaro yanayouzwa kwa maneno kwamba hayajai maisha. Hakuna karo lisilojaa. Vijidudu vinavyomeng'enya kinyesi hupunguza tope, haviliondoi, na kila mfumo, wa kisasa au wa kawaida, hubakiza kitu kinachopaswa kunyonywa na gari baada ya muda. Mifumo hiyo mipya hatuikatai. Mingine ni mizuri, na kwa viwanja vidogo inasaidia. Tunachokikataa ni mwananchi kuambiwa na muuzaji kwamba ukishaweka mfumo huo huhitaji kibali, huhitaji shimo la kufyonzea la kutosha, wala huhitaji njia ya gari la majitaka. Tumeona makaro yaliyojengwa nyuma ya nyumba, yakazungukwa na ukuta na banda la kuku, na siku yalipojaa hapakuwa na mahali pa kupitisha hata mpira. Tumeona pia makaro yaliyojengwa nje ya ukuta, kwenye hifadhi ya barabara, kwa hoja kwamba uwanja wa ndani ni mdogo. Ardhi ya barabara si ya mwenye nyumba, na karo la namna hiyo huondolewa kwa gharama zake mwenyewe.

Jambo linalonisumbua kuliko yote, hata hivyo, ni miradi ya viwanja. Eneo hununuliwa, hukatwa vipande vya mita 20 kwa 20, na mnunuzi huambiwa kwamba maji si shida kwa sababu kila mtu atachimba kisima chake. Tafadhali chukua rula. Umbali tunaoutaka kati ya kisima cha maji ya kunywa na shimo la kufyonzea ni angalau mita 30. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 20, umbali kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala wake ni mita 28 na ushee. Hakuna mahali ndani ya kiwanja hicho ambapo kisima na shimo vinaweza kukaa pamoja kwa usalama, hata mwenye kiwanja akiwa mwangalifu kiasi gani, na hapo bado hatujahesabu shimo la jirani wa nyuma, ambalo huenda liko hatua tano tu kutoka kwenye kisima chake. Wanaojibu kwamba kisima chao ni kirefu hivyo hakichafuki wanasahau kwamba maji machafu hushuka kupitia uwazi ulioachwa kati ya bomba na ukuta wa shimo la kisima, pale mchimbaji alipobania saruji ya kuzibia mita za juu.

Kwa sababu hiyo, mradi wa viwanja hauwezi kupitishwa kiwanja kimoja kimoja. Mwendelezaji anapaswa kuleta mpango wa maji na majitaka wa eneo zima, kabla hajauza hata kipande kimoja. Kama mamlaka ya maji itafikisha bomba, alete barua yake inayoonyesha hivyo. Kama atategemea kisima cha pamoja, kiwekwe upande wa juu wa mteremko, kizungushiwe eneo lisilojengwa, kiwe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwa Dar es Salaam ni ya Wami/Ruvu, na majibu ya maabara yaonyeshe kwamba hakuna hata kijidudu kimoja cha E. coli, ambacho ni dalili ya kinyesi, katika mililita 100 za maji. Kama viwanja ni vidogo mno kwa makaro, aandae mtambo au mabwawa ya pamoja ya kusafishia majitaka, au apunguze idadi ya viwanja. Miradi mikubwa huhitaji pia tathmini ya athari kwa mazingira, na shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe zimezuiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mwananchi anayenunua kiwanja cha mradi ana haki ya kuomba kuuona mpango huo kabla ya kulipa, na akiambiwa kwamba haupo, aje ofisini kwetu kwanza.

Kuhusu utaratibu, maombi huwasilishwa yakiwa na seti tatu za michoro ya usanifu, uthibitisho wa umiliki, risiti za kodi ya ardhi na, kwa majengo ya ghorofa, michoro ya mihimili. Mchoro wa majitaka uonyeshe karo, chemba zote, mwelekeo na mteremko wa mabomba (kwa bomba la inchi 4 tunataka lishuke takriban sentimita 2.5 kwa kila mita), shimo la kufyonzea, kisima kama kipo, visima na mashimo ya majirani, na njia ya gari la majitaka. Afisa hutembelea kiwanja. Akikubali, husaini, asipokubali, huandika sababu, na mchoro hurudi kwa mchoraji. Kurudishiwa mchoro si uadui, wala si dalili kwamba kuna kitu kinachosubiriwa chini ya meza. Anayeombwa fedha isiyo na risiti atoe taarifa kwa mkurugenzi. Anayeanza kuchimba kabla ya kibali hupewa notisi ya kusimamisha ujenzi. Karo linalovuja au kufurika huhesabiwa kuwa kero chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009: mhusika hupewa notisi yenye muda wa kuiondoa kero hiyo, akipuuza hufikishwa mahakamani, na halmashauri ikilazimika kufanya kazi hiyo humdai gharama. Kubadilisha matumizi, kwa mfano nyumba ya familia kugeuzwa kuwa bweni, huhitaji maombi mapya, kwa kuwa karo lililokubaliwa ni la watu wale waliohesabiwa mwanzoni.

Baada ya kibali, tunahitaji kuitwa mara moja zaidi, na hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Karo likishapigwa lipu, na kabla zege la juu halijamwagwa, lijazwe maji safi hadi usawa wa bomba la kutokea, kisha maji yaachwe yatulie. Sisi huchora alama ya mkaa ukutani mahali maji yalipofikia, tukaandika saa, na kurudi kesho yake saa ileile. Maji yakiwa yameshuka chini ya alama, fundi hutafuta ufa, hurudia lipu, na jaribio huanza upya. Yakibaki palepale, tunasaini fomu ya ukaguzi hapohapo kando ya shimo, na mafundi wanaruhusiwa kufunga mbao za zege siku hiyohiyo.