"Nina mawazo": maswali mnayoniuliza sana kuhusu akili inayowaza mabaya tu

Swali: Hivi kuwaza mabaya kila saa ni ugonjwa au ni tabia tu?

Mara nyingi ni tabia, akili imezoea njia moja kama ng'ombe anayejua njia ya kisimani hata usipomswaga. Angalia hata lugha yetu, ukisema fulani ana mawazo hakuna anayeuliza mawazo gani, wote tushajua kodi imefika au kuna mgonjwa nyumbani. Ila tabia hiyo ikikolea inaweza kukusogeza kwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, na hapo sasa ni ugonjwa, nitafika huko.

Swali: Nikijikataza kuwaza ndo kwanza yanazidi, kwa nini?

Hujarogwa. Mwaka 1987 kule Marekani mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe, na kila akiwajia wagonge kengele, basi kengele zikawa zinalia tu. Maana ukikataza wazo inabidi ukae mlangoni uangalie kama limekuja, na huko kuangalia ndo kuliwaza kwenyewe. Kwa hiyo usilifukuze, lijibu.

Swali: Nalijibu vipi? Mimi asubuhi nasimama kwenye kioo nasema "mimi ni mshindi".

Kama inakusaidia endelea, ila mi sio shabiki wa hiyo kitu. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake huko Kanada walitoa utafiti wakaonyesha kwamba watu wanaojidharau wakirudiarudia "mimi ni mtu wa kupendwa" walikuwa wanajisikia vibaya zaidi, maana ndani moyo unawajibu "muongo wewe". Daktari Aaron Beck wa Philadelphia miaka ya 1960 aliona wagonjwa wake wa sonona wana vimawazo vinapita chap chap kichwani na wanavichukulia kama ukweli, akawafundisha kuvisimamisha na kuvidai ushahidi, na mpaka leo tiba ya maongezi inatumia sana njia hiyo.

Kuna dada mmoja fundi cherehani nilikuwa naongea naye, alishona gauni la kitenge mteja akachukua Jumamosi, Jumapili asubuhi akamtumia meseji "limekukaa vizuri?", tiki mbili za bluu, kimya. Mpaka magharibi ameshawaza gauni limembana, atawaambia kamati nzima ya harusi, wateja watahama, kodi ya fremu italipwa na nini, mimi tangu shule sikuwa na bahati. Meseji moja tu hiyo! Nikamwambia chukua karatasi andika kilichotokea kweli, akaandika "amesoma, hajajibu". Nikamwambia sasa andika ushahidi kwamba gauni ni baya. Akakaa na kalamu weee, hakuandika kitu. Nikamuuliza kingine kinachoweza kumfanya mtu asijibu ni nini, akataja vitatu mwenyewe, halafu akacheka. Jumatatu mteja akapiga, kumbe walipata msiba. Lakini hata kama gauni lingekuwa limembana kweli, hiyo ni kazi ya kufumua mshono, nusu saa, sio mwisho wa maisha.

Swali: Ni kweli siku 21 zinatosha kubadilika?

Hapana bwana. London kuna utafiti wa Phillippa Lally na wenzake, watu walijizoesha vitu kama kunywa maji au kukimbia, mpaka kitu kiwe mazoea wastani ulikuwa siku 66, wa haraka 18 na wa mwisho alikadiriwa 254. Hayo sio mawazo, ila usitegemee kichwa kiwe chepesi kuliko glasi ya maji.

Swali: Mimi siwazi vya uongo, sina hela kweli. Nikae chanya kwa lipi?

Hapo sikuambii utabasamu. Zimbabwe wanaita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 pale Mbare, Harare, waliofundishwa kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza. Bibi hakupi mahubiri. Anakuuliza matatizo yako yote halafu anakwambia chagua moja, tufanye nini wiki hii kuhusu hilo moja, na utafiti wa 2016 ulionyesha waliopita kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ukiwa na madeni matano anza na lile ambalo ukimpigia mtu leo anaweza kukusogezea tarehe.

Swali: Hospitali niende lini?

Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu ikifika wiki mbili karibu kila siku, usingizi umevurugika, kula hutaki, kazi huwezi, nenda. Ukianza kuwaza kujidhuru usisubiri hizo wiki, nenda leo leo na usibaki peke yako, mwambie mtu hata jirani.

Swali: Naogopa kuandika, mume wangu akisoma je?

Andika halafu chana, faida iko kwenye kuandika sio kwenye kutunza. Yule fundi anaandika nyuma ya karatasi za vipimo, mbele kiuno 32, nyonga 41, ukigeuza "leo nimejiita mjinga mara tatu, moja nilistahili", na mteja akishachukua nguo yake karatasi inaenda kuwashia jiko.