Sproketi za Pikipiki: Yanayosemwa na Yalivyo

Sproketi ni magurudumu ya meno yanayobeba cheni: dogo mbele kwenye injini, kubwa nyuma kwenye tairi. Ukitaka kupunguza au kuongeza meno, utaambiwa: "Jino moja tu, utasikia nini?" Utasikia, hasa likiwa la mbele. Chukua pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma: sproketi ndogo huzunguka mara 3 ndipo tairi lizunguke mara moja. Funga mbele ya meno 13, hesabu inakuwa mara 3.23. Kupata badiliko linalokaribia hilo kwa kugusa nyuma peke yake, itakubidi ufunge ya meno 45, na huenda cheni yako ikawa fupi. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 5,000 kwa dakika sasa itazunguka karibu mara 5,400 kwa mwendo uleule.

Ndiyo maana wengi huapa kwamba sproketi kubwa nyuma "inaongeza nguvu ya injini". Injini ni ileile. Kilichoongezeka ni mvuto kwenye tairi: unaondoka na mzigo bila kuteseka na clachi, mlima unaupanda bila kurudisha gia. Kwa mbeba mizigo ni biashara nzuri. Kwa msafiri wa lami ndefu ni makelele ya kutwa nzima, na mafuta yanaisha mapema. Kinyume chake nacho kina mtego. Ukiongeza meno mbele ili ikimbie zaidi, injini ndogo inaweza kushindwa kusukuma upepo, na gia ya mwisho ikabaki pambo.

Cheni ya 420 na ya 428 (namba hizo ni saizi za cheni) "ni ndugu, zinaingiliana", husema watu. Ndugu ni kweli: kutoka pini hadi pini zote zina milimita 12.7. Lakini upana wa ndani ni 6.35 kwa 420 na 7.94 kwa 428. Sproketi ya 428 ni nene mno kwa cheni ya 420; ukigeuza, cheni inacheza kushoto na kulia.

Kuhusu sproketi za alumini sina mengi: ni nyepesi, na huisha upesi kuliko chuma.

Dhana iliyonigharimu mimi ni ya kubadilisha cheni peke yake. Nilifunga mpya juu ya sproketi kuukuu, na haikuchukua muda ikaanza kulegea na kugonga. Nilipochuchumaa kutazama, meno yalikuwa yamelala upande mmoja, yamechongoka kama ndoana. Siku hizi naishika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa na kuivuta. Ikiinuka hadi karibu nusu ya jino ikaonekana, nanunua vyote vitatu: cheni na sproketi zote mbili.

Halafu kuna "meno yakilingana, itaingia". Tundu la katikati na nafasi za boliti hutofautiana kati ya modeli na modeli. Nenda dukani na ile kuukuu, ilaze juu ya mpya, inua zote mbili uelekeze kwenye mwanga. Tundu lolote likionekana nusu, rudisha.