Mwalimu, rudisha hiyo monita

"Fundi, sasa hiyo torenti tutaifungulia wapi kama hakuna desktopu?"

Ni mara ya tatu naulizwa hivyo tangu mvua zianze: watu wanadhani torenti, ile njia ya kushusha faili kutoka kwa watu wengi kwa pamoja, haiendi bila desktopu, yaani mazingira ya madirisha. Safari hii aliyeuliza ni mwalimu wa kompyuta wa shule moja huku Njiro, Arusha, na alikuwa ameshakuja na monita. Ameipakata kwenye bodaboda kutoka Sakina, imefungwa kanga. Nilimwambia pole kwanza, halafu nikamwambia airudishe.

Kazi yenyewe ilikuwa kushusha Wikipedia nzima ya Kiingereza kutoka Kiwix, wanaofungasha tovuti za kusomwa nje ya mtandao, faili moja la GB 100 na ushee, wanafunzi waisome bila intaneti. Mashine ya kushushia, ndiyo seva yetu ya Linux, ni ya zamani, ina RAM ya GB 2, inakaa juu ya kabati ofisini kwa mhasibu. Rauta yao ikichangamka hutoa Mbps 4, yaani nusu MB kwa sekunde. GB 100 hapo ni saa 55 hivi bila kupumua. Ukishusha kwa brauza, umeme ukikatika saa ya 40 unaweza kuanza upya kabisa. Torenti hukata faili vipande, kila kimoja kina alama yake ya kuhakikiwa, kwa hiyo umeme ukirudi inaendelea palepale. Hili halina ubishi, tusonge.

Ubishi ni huu wa dirisha. Watu wanaamini programu ni lile dirisha lenye mistari ya kijani: ukilifunga, kazi imekufa, na pasipo dirisha hakuna kazi. Ndiyo maana wanajaza seva mazingira ya madirisha, wanaongeza VNC ya kuyatazama kwa mbali, RAM inaisha, kisha wananipigia kwamba Linux ni nzito. Jamani, chomoa rimoti ya luku ukutani uone kama taa zitazima. Kinachofanya kazi ni `transmission-daemon`, huduma ya torenti inayokimbia chinichini bila kumwonyesha mtu sura. Dirisha ni mteja tu anayebisha hodi bandari ya 9091, mlango wa mtandao wa huduma hiyo, kuuliza tumefika wapi. Kwenye laptopu yako andika amri hii ya SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva kwa mbali:

`ssh -L 9091:localhost:9091 mtumiaji@seva`

kisha fungua `localhost:9091` kwenye brauza. Dirisha hilo hapo. Funga laptopu, nenda kanywe chai, torenti haina habari na wewe. Na kwa kuwa umepitia SSH, huna haja ya kugusa `rpc-whitelist`, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuingia. Anayeniambia aliweka nyota (yaani yeyote) pale "ili iingie kirahisi" ameacha mlango wazi, na mara nyingi nenosiri nalo hajabadilisha.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa. `apt install transmission-daemon` ikimaliza, huduma inawaka papo hapo. Wewe unafungua `settings.json`, faili lake la mipangilio, unabadilisha folda, nenosiri, kila kitu, unahifadhi, unapiga `systemctl restart`. Unarudi kutazama: mabadiliko hakuna. Unarudia. Hakuna. Mara ya nne unaanza kushuku diski mbovu. Diski nzima, bwana. Restart ni kuzima kisha kuwasha, na huduma hii inapozima huandika kwenye faili mipangilio iliyokuwa nayo kichwani. Ni katibu wa kikao aliyefuta masahihisho yako na kuandika muhtasari anaoukumbuka yeye. Zima kwanza kwa `stop`, hariri, ndipo `start`. Kuna `reload` pia, ambayo husoma faili bila kuzima, na inafanya kazi. Mimi siipendi tu, sababu ya maana sina. Niliwahi kuumwa na hiyo restart usiku mzima na woga haujanitoka.

Ukiwa humo ndani, kuna namba mbili za mtego. `umask`, inayoamua ruhusa za mafaili mapya, katika toleo la 3.00 la Transmission imeandikwa 18, watu wanadhani ni makosa, wanaweka 22. Hiyo 18 ni ya desimali, na ndiyo 022 ya mfumo wa nane mnayoijua. Ukitaka kundi nalo liweze kuandika, weka 2, halafu mwingize mhusika kwenye kundi la `debian-transmission`. Tafadhali, `chmod 777`, yaani kumfungulia kila mtu kila kitu, si dawa ya kila homa.

Ya pili ni saa, na hapa Waswahili tuna balaa letu. Mwalimu alitaka mwendo upunguzwe saa za kazi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ili mhasibu aweze kutuma barua pepe zake. `alt-speed-time-begin` na `alt-speed-time-end` zinahesabu dakika tangu usiku wa manane. Yeye akapiga hesabu yake safi kabisa: tatu mara 60, 180, kumi na moja mara 60, 660. Matokeo yake torenti ikawa inatambaa tangu saa tisa usiku, wakati shule nzima imelala, na saa tano asubuhi inafunguka na kumeza intaneti yote mbele ya mhasibu. Sahihi ni 540 na 1020. Na hata ukizipatia, kama seva iko kwenye UTC, saa ya kimataifa, utachelewa saa tatu zaidi, kwa hiyo `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam` kwanza.

Diski ya nje: isiwe na mfumo wa faili wa FAT32, haupokei faili linalofika GB 4. Halafu kwenye `systemctl edit transmission-daemon`, chini ya `[Unit]`, ongeza `RequiresMountsFor=` na njia ya diski yako. Bila hiyo, umeme ukirudi huduma inaweza kuamka kabla ya diski, na ukakuta imelalamika kwamba data haipo.

Kufungua bandari 51413, ile wenzako wa torenti wanayokujia, kwenye rauta? Angalia kwanza anwani ya rauta upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, yaani wateja wengi mnachangia anwani moja, na bandari utafungua bure tu. Utashusha tu, kwa sababu wewe ndiye unayewafuata wengine. Wao kukufuata ndiyo hawawezi.

Kitu kimoja nakibahatisha hadi leo: idadi ya miunganisho. `peer-limit-global` huja na 200, na rauta ndogo za laini ya simu huwa zinazubaa hapo. Njiro nimeweka 60. Kwa nini siyo 50 au 80? Nilianza na 100, rauta ikaganda. Nikaweka 60, haikuganda, nikachukua begi langu nikaondoka.

Monita haikurudi Sakina. Iko juu ya kabati pale pale, inaonyesha `login:` kwenye weusi mtupu, na mwalimu anapita kuitazama kila asubuhi.