Wasifu wa Mwandishi Kwenye Tovuti: Yanayodhaniwa na Yalivyo

"Lazima uanzie ulikozaliwa."
Waandishi wengi wa Mombasa huanza na shule ya msingi, wakaja sekondari, kisha chuo. Msomaji hufika kwenye kitabu kashachoka, ikiwa hajafunga ukurasa. Anayefungua wasifu ana haja yake: msomaji anataka kujua aanze na kitabu gani, mhariri anatafuta wa kumwandikia makala, mshereheshaji anataka maneno ya kukukaribisha jukwaani. Wote wanauliza: unaandika nini? Sentensi ya kwanza ijibu hilo. "Huandika hadithi fupi kuhusu mabaharia wa Mji wa Kale na wake wanaowasubiri" inatosha. Kisha taja kitabu kimoja au viwili, mchapishaji na mwaka. Fuatisha kinachokupa haki ya kuyaandika hayo, mathalani miaka 12 ya kazi katika bandari ya Kilindini. Mwisho, unakoishi na namna ya kukupata. Asili yako itangulie pale tu ilipozaa maandishi yenyewe: anayetunga mashairi kwa Kimvita aitaje Mvita mapema, maana lahaja ndiyo kazi yake.

"Usipojisifu hutaonekana."
"Mahiri", "mtajika", "mwenye kipawa": kila mtu hujipa, kwa hiyo hazimtofautishi yeyote. Zifute, uweke jina la tuzo na mwaka wake. Huna tuzo wala kitabu? Taja jarida lililochapisha hadithi yako, au mswada ulio mkononi. Wasifu wa mistari mitatu ya kweli si aibu hata kidogo.

"Wasifu mmoja unatosha kila mahali."
Andaa tatu: maneno 50 ya kuwekwa chini ya makala, 100 ya mshereheshaji, na 200 hadi 250 ya tovuti. Ule mfupi usiupate kwa kukata mkia wa mrefu, uandike upya. Kwenye tovuti yako "nimeandika" na "ameandika" zote zafaa, ila usizichanganye. Wa jukwaani uwe "ameandika", kwa sababu anayeusoma ni mtu mwingine.

"Bango la picha lenye wasifu wako linapendeza zaidi."
Hili linaumiza, na limeenea mno. Maneno yakishafungwa ndani ya picha, mshereheshaji hawezi kuyanakili, programu inayomsomea kipofu kwa sauti huenda ikayaruka, na kwenye simu herufi huwa ndogo hazisomeki. Maandishi yabaki maandishi, picha ikae pembeni: uso wako peke yako, mwanga ukitoka mbele, si kipande kilichokatwa kwenye picha ya harusi.

"Ukishaandika umemaliza."
"Hivi karibuni", "mwaka ujao" na umri wako huchakaa upesi. Andika mwaka kwa tarakimu. Upitie kila miezi 6 na kila kitabu kinapotoka, ukibonyeza viungo vyote kuona kama bado vinafunguka. Namba ya nyumba, ya kitambulisho na majina ya watoto usiyaweke. Barua pepe ya kazi yatosha.