Visahani vya nanomita 250 vinavyochochea ubongo bila waya

Tangu mwaka 1987, Alim-Louis Benabid na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, walipoonyesha kwamba mapigo ya haraka ya umeme ndani ya ubongo hutuliza mtetemeko, njia ya kuufikisha umeme huo haijabadilika sana: fuvu hutobolewa, waya hupenyezwa hadi kina cha ubongo, betri huwekwa chini ya ngozi ya kifua. Wagonjwa wengi wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili, wamepata nafuu, lakini upasuaji huo ni mzito, na ndio ninaotamani kuona umepungua.

Tunaopenda sumaku tuna sababu. Wengine hujaribu kuchochea ubongo kwa mwanga, lakini mwanga hutawanyika upesi ndani yake, ilhali uga sumaku wa masafa ya chini hupita kwenye ngozi na mfupa karibu bila kupungua. Tatizo ni kwamba niuroni, yaani seli za neva, haziuhisi uga huo. Lazima awepo mkalimani, kitu cha kugeuza uga kuwa ishara ambayo niuroni huihisi.

Mwaka 2015 maabara ya Polina Anikeeva, chuo cha MIT, ilitumia chembe za oksaidi ya chuma zinazopata joto ndani ya uga. Ilifanya kazi kwa panya, ila niuroni zilipaswa kwanza kupandikizwa jeni ya kuhisi joto. Kwa binadamu, hicho ni kikwazo kikubwa.

Mwaka 2024 maabara hiyohiyo ikaja na visahani vyenye upana wa nanomita 250 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Kiini chake cha sumaku hubadilika umbo kidogo kinapoingia kwenye uga. Ganda lake ni bariamu titanati, na likivutwa na kiini hujenga chaji za umeme juu yake. Niuroni iliyo jirani huchochewa. Hakuna jeni iliyoguswa. Panya waliodungwa visahani hivi waliitikia katika sehemu za ubongo zinazohusika na raha na mwendo.

Kinachonisisimua zaidi ni hesabu moja: ikilinganishwa na chembe za kawaida, badiliko la umbo la kiini liliongezeka takriban mara 1,000, lakini umeme uliopatikana uliongezeka mara nne tu. Nguvu nyingi hupotea mahali kiini kinapokutana na ganda. Kwa maoni yangu, kazi ya miaka ijayo iko hapo, kwenye mpaka huo mwembamba, kwa sababu panya huenea ndani ya koili ndogo (waya uliozungushwa unaozalisha uga), ilhali kichwa cha mtu kinadai koili kubwa na umeme mwingi zaidi. Visahani vikiitikia uga dhaifu, koili hiyo itawezekana kutengenezwa. Halafu linabaki swali la usalama: waya huweza kutolewa, chembe zilizodungwa haziokoteki, na kiini chake kina kobalti, metali inayoweza kuwa sumu.