Daftari la Scottsboro

Februari 1935, katika Mahakama ya Juu ya Marekani mjini Washington, wakili Samuel Leibowitz alikuwa akieleza kwamba daftari la serikali lenye majina ya raia wa kuitwa kuamua kesi limechezewa. Jaji Mkuu Charles Evans Hughes akamuuliza kama anaweza kuthibitisha. Leibowitz alikuwa amekuja nalo. Likawekwa mbele ya Hughes pamoja na kioo cha kukuzia. Akainama, akautazama ukurasa kwa makini, kisha akampasia jaji wa pembeni, naye akampasia mwenzake. Mahakama ile kwa kawaida husikiliza hoja za sheria tu. Siku hiyo wazee walikuwa wanakagua wino.

Nafundisha historia ya sheria, na kila mwaka kesi hii ya vijana wa Scottsboro inapofika, wanafunzi hukimbilia treni, mashahidi na vifungo. Mimi huwarudisha kwenye daftari, kwa sababu naamini ugonjwa wote ulikuwa umelala humo.

Tuanze na treni hata hivyo. Tarehe 25 Machi 1931 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na vijana wasio na kazi, Weusi kwa Weupe, walidandia mabehewa ya mizigo kutoka mji hadi mji wakitafuta kibarua. Katika treni iliyotoka Chattanooga kuelekea Memphis yakazuka mapigano. Vijana wa Kizungu walioshushwa kwa nguvu wakaenda kushtaki kituoni. Treni ilipofika Paint Rock, jimbo la Alabama, umati wenye bunduki ulikuwa unaingoja. Weusi tisa wakafungwa kamba, mdogo wao akiwa na miaka 13 hivi, mkubwa hajatimiza 21. Mle mle kwenye treni walikutwa wanawake wawili wa Kizungu, wafanyakazi wa viwanda vya nguo, Victoria Price na Ruby Bates. Wakasema wamebakwa.

Kusini mwa Marekani wakati ule, tuhuma hiyo juu ya mtu mweusi ilitosha kumning'iniza mtini kabla jua halijazama. Wakubwa wa Alabama walijisifu kwamba safari hii wameacha sheria ifanye kazi. Basi itazame hiyo sheria. Kesi zilianza Scottsboro, makao makuu ya kaunti ya Jackson, Alabama, tarehe 6 Aprili, siku 12 tu baada ya kukamatwa. Mawakili wa utetezi walikuwa wawili: mmoja mtaalamu wa mambo ya nyumba na viwanja kutoka Chattanooga, mwingine mzee wa karibu miaka 70. Hawakupewa muda wa maana hata wa kuzungumza na washtakiwa. Ndani ya siku nne vijana wanane walikuwa wamehukumiwa kufa kwa kiti cha umeme. Wa tisa, Roy Wright, ambaye hata mwendesha mashtaka alimwombea kifungo cha maisha kwa sababu ya umri wake, alinusurika kwa kuwa baadhi ya wajumbe wa juri waling'ang'ania naye auawe, wasielewane.

Hapa nisimame kidogo kwenye neno hilo, juri. Msomaji wa Tanzania anawajua wazee wa baraza waliozoeleka katika kesi za mauaji Mahakama Kuu: walitoa maoni, lakini maoni yao hayakumfunga jaji. Juri ya Marekani ni kitu kingine. Ni raia wa kawaida, mara nyingi 12, na ndio wanaosema ana hatia au hana. Kwa hiyo anayeshika orodha ya watakaoitwa ameshika roho ya mshtakiwa. Wakoloni walilijua hilo: katika Kenya yao Mzungu alishtakiwa mbele ya juri ya Wazungu wenzake, Mwafrika hakuwa na haki hiyo.

Mwaka 1932 Mahakama ya Juu ilifuta hukumu saba kati ya zile, ikisema mtu anayekabiliwa na kifo lazima apate wakili wa kweli, si wa jina. Kesi ikahamia mji wa Decatur, na Leibowitz akaja kutoka New York. Hapo ndipo alipoanza kuiandama orodha ya juri. Alimwita fundi wa plasta mweusi kutoka Scottsboro, John Sanford, aeleze kama amewahi kusikia mtu mweusi akiitwa kuwa mjumbe. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Thomas Knight, akawa anamhoji kwa kumnyooshea kidole na kumwita John, John. Leibowitz akamtaka aondoe kidole na amwite Bwana Sanford. Knight akajibu kwamba hana mazoea hayo.

Nakirudia kisa hiki darasani na kila mara darasa hunyamaza. Sisi tuliolelewa na shikamoo tunajua uzito wa kumnyima mtu mzima heshima mbele ya watu. Na hapo hapo ndipo sheria ilipokwama. Alabama ilitaka wajumbe wa juri wawe watu wanaoheshimika katika jamii kwa uadilifu na busara. Waliotengeneza orodha walidai hawamjui mweusi hata mmoja wa namna hiyo, ilhali walimu, wachungaji na wenye mashamba yao walikuwapo. Utamtambuaje mtu wa heshima ikiwa ulimi wako umekataa kumwita Bwana?

Kesi yenyewe iliharibika mikononi mwa serikali. Daktari aliyewapima wanawake wale saa chache baadaye hakukuta dalili za kipigo kile kilichosimuliwa. Ruby Bates alirudi mahakamani, safari hii upande wa utetezi, akasema hakuna aliyebakwa. Juri ya Weupe 12 ikamhukumu Haywood Patterson, mmoja wa wale tisa, kifo vilevile. Jaji James Horton, Mzungu wa Alabama, aliupima ushahidi na Juni 1933 akaitupa hukumu. Uchaguzi uliofuata akapoteza kiti chake. Namheshimu sana jaji huyu.

Jaji mpya akaendelea na kazi, na ndipo daftari la juri la kaunti ya Jackson lilipofunguliwa. Kaunti hiyo ilikuwa na watu 36,881, Weusi wakiwa 2,688, na wazee waliokaa huko maisha yao yote walisema hawajapata kumwona mweusi kwenye juri. Lakini ajabu, mwishoni mwa kurasa fulani yalionekana majina ya Weusi wachache. Kurasa hizo zilikuwa na mstari mwekundu uliopigwa mwaka 1931 kufunga orodha ya zamani. Mtaalamu wa maandishi akaeleza kwamba wino wa majina ulikuwa umepita juu ya mstari huo. Maana yake yaliandikwa baadaye. Jaji akasema hawezi kudhani kuwa kuna mtu ametenda kosa la jinai.

Kile ambacho jaji huyo alikataa kukidhani, majaji wa Washington walikiona kwa kioo. Tarehe 1 Aprili 1935, Hughes aliandika uamuzi: kuwafungia Weusi nje ya juri mwaka hadi mwaka ni kuvunja katiba. Gavana wa Alabama akaagiza majina yao yaandikwe.

Yakaandikwa, kisha mlango ukafungwa upande wa pili. Januari 1936 Patterson alipopandishwa tena kizimbani, Weusi walikuwamo kati ya walioitwa, lakini hakuna aliyebaki. Sheria ilimruhusu mwendesha mashtaka kuwakataa baadhi ya wajumbe bila kutoa sababu. Juri ikawa ya Weupe 12, ikampa miaka 75. Mwaka uliofuata vijana wanne wakafutiwa mashtaka, hao hao waliodaiwa kushiriki tendo lile lile na wenzao waliobaki gerezani.

Kukataa wajumbe kwa sababu ya rangi kulipigwa marufuku na Mahakama ya Juu mwaka 1986. Clarence Norris, mmoja wa wale tisa, ambaye shauri la daftari lilibeba jina lake, alikuwa bado hai, miaka kumi baada ya Alabama kumpa msamaha. Patterson alikwishafia gerezani Michigan mwaka 1952. Msamaha wake ulitoka Novemba 2013.