Vigae vya kufungamana: sakafu inayoshikwa na meno yake

Shika kigae kimoja mkononi. Ni kipande cha mraba, mara nyingi nusu mita kwa nusu mita, unene wake milimita 5 hadi 10, na ni kizito kuliko kinavyoonekana. Kingo zake zote nne zimekatwa meno. Meno hayo yanaingia kwenye mapengo ya kigae jirani, unagonga mara mbili tatu kwa nyundo ya mpira, vinashikana. Hakuna gundi wala saruji. Ukitaka kukitoa unakinyanyua kwenye pembe na kinaachia. Hicho ndicho kigae cha kufungamana, na siku hizi kinatandikwa kwenye karakana, maghala, vyumba vya kufungashia bidhaa na viwanda vidogo kwa vikubwa.

Sifa yake kuu inajulikana: kazi haisimami. Unatandika upande mmoja huku upande wa pili mashine zinanguruma, na kigae kikiungua au kikichanika unabadilisha hicho hicho. Lakini sifa hiyo ina upande wa pili ambao wanunuzi wengi huuona wakiwa wameshalipa. Sakafu isiyo na gundi inajishikilia yenyewe. Kila kinachoipata, uwe uzito, joto, maji au gurudumu linalokata kona, kinaishia kwenye meno. Kwa hiyo anayetathmini vigae hivi anatathmini kiungo kwanza. Rangi, mng'ao na michoro ya juu vinaweza kusubiri.

Tuanze na uzito, maana ndiko maneno matupu yanakosemwa zaidi. Utaambiwa kigae "kinabeba tani kadhaa." Kigae kilicholala juu ya zege hakibebi kitu; zege ndiyo inayobeba, chenyewe kinabanwa katikati. La kuuliza ni uzito huo unakanyaga eneo la ukubwa gani. Foklifti ya kunyanyua tani 2.5 yenyewe huwa na tani 3.5 hadi 4, ikipakia inapita tani 6, na sehemu kubwa ya uzito huo inaangukia magurudumu ya mbele. Inatisha, ila tairi zake ni pana na zinautawanya. Mharibifu wa kweli mara nyingi ni ile troli ya mkono ya kubebea paleti, ambayo hakuna anayeihesabu kuwa gari. Magurudumu yake ni madogo na magumu. Kilo 250 zikisimama juu ya gurudumu linalogusa sentimita 8 za mraba, kila sentimita inabanwa na zaidi ya kilo 30. Mtu mzima aliyesimama kwa miguu miwili anabana kwa robo kilo hivi kila sentimita.

Hata hivyo kubanwa si kubaya kama kupindwa. Mwangalie mfanyakazi anapofika mwisho wa njia kati ya rafu. Anasimamisha troli yenye mzigo, anavuta mkono wake pembeni, gurudumu linazunguka palepale bila kusogea. Chini ya gurudumu hilo kigae kinataka kuzunguka nalo, na kinachokizuia ni meno tu. Kiungo kibovu kitainuka kidogo, ukingo mmoja juu ya mwingine, kimo cha kucha. Gurudumu linalofuata linagonga ukingo huo, unainuka zaidi, na baada ya muda una mahali pa watu kujikwaa.

Ndiyo maana umbo la meno lina uzito kuliko idadi ya tani kwenye tangazo. Meno yenye kichwa kipana na shingo nyembamba hayachomoki kwa kuvutwa upande, lakini mistari yake inaonekana juu na hukusanya uchafu. Kuna viungo vilivyofichwa, ambapo mdomo wa kigae kimoja unalalia mwenzake. Sakafu inapendeza kama kipande kimoja, ila mdomo ule ni mwembamba kuliko kigae chenyewe, kwa hiyo uliza unene wake na si wa kigae tu. Halafu vipo vya polipropilini vinavyobana kwa pini na vitanzi, vyepesi, vyenye uwazi chini. Mimi nisingeviweka panapopita troli nzito: plastiki yake ni ngumu lakini imesimama juu ya vijiguu, na vijiguu huvunjika. Panapohitajika maji yapite chini, hapo vina nafasi yake.

Kinachotawala sokoni kwa sakafu za kazi nzito ni PVC, aina ya plastiki. Ugumu wake hupimwa kwa kipimo cha Shore A, na vigae vya viwandani huangukia karibu na 85 hadi 95. Namba ikiwa kubwa, kigae ni kigumu. Hapa mnunuzi analazimika kuchagua, maana hawezi kupata vyote. Kigae laini kinapumzisha miguu ya anayesimama kutwa, lakini magurudumu yanazama na anayesukuma mzigo anatoka jasho. Kigumu ni kinyume chake. Ukiahidiwa kigae kimoja cha kazi zote mbili, omba kukisukumia troli yako mwenyewe.

Vigae vya mpira vina ulaini mzuri na havipigi kelele, ila mpira wa kawaida, ule unaotokana na tairi zilizosagwa, hauelewani na mafuta ya petroli na grisi; unavimba na kulegea. PVC inavumilia mafuta na asidi nyepesi vizuri, lakini asetoni na thina vinaiyeyusha uso, na cheche za kuchomelea vyuma zinaitoboa. Usikubali jibu la "inastahimili kemikali." Andika majina ya vimiminika vinavyomwagika kwako, vyote, pamoja na vya kusafishia, uombe jibu la kila kimoja.

Kuna doa moja ambalo halimo kwenye orodha ya kemikali. Tairi nyeusi ya mpira ikisimama siku kadhaa mahali pamoja juu ya PVC, huacha alama ya kahawia au njano ambayo hakuna sabuni inayoitoa. Si uchafu. Ni viambato vya tairi vilivyohamia ndani ya plastiki, na tairi ikiwa ya moto vinahama haraka zaidi. Mwenye busara huchagua rangi nyeusi au kijivu kilichokolea mahali magari yanapoegeshwa, hata kama kijivu cheupe ndicho kilichompendeza kwenye picha.

Joto nalo. Plastiki hutanuka kuliko zege, tena kwa mbali. Kwa kadirio la chini, safu ya PVC yenye urefu wa mita 20 ikipanda nyuzi joto 20 inaongezeka kama sentimita 3. Sentimita hizo lazima ziende mahali. Kama fundi amebana vigae hadi ukutani, sakafu inavimba katikati kama mkeka uliokunjwa. Kwa hiyo huachwa nafasi pembeni mwa kuta na kuzunguka nguzo, ikafichwa na ubao wa ukutani, na vigae hukaa angalau siku nzima ndani ya chumba kitakachotumika kabla ya kutandikwa. Penye mlango unaopigwa jua, au pale magari yanapofungia breki, mafundi wengi hutia gundi eneo hilo peke yake. Muuzaji anayekuambia mapema kwamba utahitaji gundi mlangoni anajua kazi yake. Yule anayeapa kwamba huhitaji gundi popote, mwulize mara ya pili.

Maji hupita kwenye viungo. Hili lisemwe wazi, kwa sababu watu huona sakafu imefungana wakadhani imezibika. Maji ya kudekia yakipenya kila siku na chini hakuna pa kutokea, utaanza kusikia harufu. Baadhi ya vigae vya PVC vinaweza kuunganishwa kwa kuchomelewa kwa joto, lakini hapo umeshapoteza ule urahisi wa kubadilisha kigae kimoja. Panapooshwa kwa maji mengi, au panapotakiwa kuzuia kemikali isifike ardhini, ningetafuta sakafu ya kumiminwa, kama ya epoksi.

Kuhusu utelezi utakutana na herufi R na namba. Kipimo hiki cha Ujerumani, kilichojulikana kwa kiwango cha DIN 51130, hufanywa na mtu aliyevaa viatu vya kazi anayetembea juu ya mteremko uliopakwa mafuta, huku mteremko ukiinuliwa polepole hadi ateleze. R10 ni pembe ya zaidi ya nyuzi 10 hadi 19, R11 zaidi ya 19 hadi 27. Wengi husoma R9 wakadhani ni tisa kati ya kumi. Kumbe ndiyo ya chini kabisa, kwa kuwa ngazi zinaanzia hapo na kupanda hadi R13. Usikimbilie ya juu pia. Uso wenye mikwaruzo mingi hushika unyayo, na hushika uchafu vilevile, na sakafu iliyojaa vumbi la mafuta hurudi kuteleza.

Wanaounganisha vifaa vya elektroniki wana swali lao la umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini mtu anapotembea, na kigae kilichoandikwa "kinazuia umeme tuli" hakitoshi. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61340-5-1 hutaka ukinzani wa sakafu kwenda ardhini uwe chini ya omu bilioni 1, na upimwe pia pamoja na viatu vya wafanyakazi. Tunarudi kwenye meno: umeme unapaswa kupita kutoka kigae hadi kigae, kwa hiyo pimeni sakafu ikiwa imetandikwa, na mrudie baada ya miezi kadhaa ya vumbi.

Kabla ya hayo yote, ipo sakafu iliyopo. Laza rula ndefu ya mita 2 juu ya zege, uchungulie mwanga chini yake. Mashimo na mabonde yaliyopo leo yatajichora juu ya vigae kesho, na kigae kinachoning'inia juu ya shimo kinabeba kweli, kazi ambayo hakikuumbwa kuifanya. Pima pia uwazi chini ya milango. Milimita 7 ni kidogo hadi mlango ukatae kufunguka.

Baada ya karatasi za vipimo kusomwa, omba vigae vinne, si kimoja. Kimoja hakina kiungo. Vitandike pale pabaya zaidi kwenye eneo lako, kwenye kona ya troli au mbele ya mashine inayodondosha mafuta, ukavizungushie vipande vya pembeni vyenye mteremko ili visihame, kisha uviache wiki mbili bila kuwaambia watu wavionee huruma. Siku ya mwisho pitisha kucha kwenye makutano ya pembe zile nne. Halafu vinyanyue, utazame upande wa chini.